Redio Iliyofanana na Gari

Liko kosa moja ambalo sisi tuliozaliwa chini ya bendera ya wageni tulilipata mapema, na wengi wetu tumezeeka nalo bila kulitaja: kosa la kumdharau mtu kwa sababu tunamfahamu. Fundi wa mtaa wa pili, ambaye tunajua mkewe anateka maji kisima gani na suruali yake imeshonwa mara ngapi, hatuwezi kuamini kwamba anajua kitu. Lakini mtu tusiyemjua, aliye katika nchi tusiyoiona, aliyetengeneza kitu chake bila kutufikiria hata mara moja, huyo tunamwamini kabla hajafungua kinywa. Siandiki habari hii ili niwanyooshee wengine kidole. Kosa hilo nililifanya mimi kwa mikono yangu miwili nikiwa na umri wa miaka tisa, na nililifanya kwa makusudi.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Juzi kijana wangu alinipeleka kwa mafundi wa magari. Amenunua gari lililotumika, nalo limekuja na redio yake ya kiwandani, na rafiki zake wamemshauri aing'oe atie nyingine yenye kishindo. Niliketi kwenye benchi nikawasikiliza wakibishana. Mmoja alisema redio ya kiwandani ndiyo iliyopimwa na gari. Mwingine akasema ya kiwandani ni pambo tu. Kisha mmoja wao akagusisha chuma cha moto kwenye lehemu, moshi mwembamba ukapanda, mtamu na mkali kwa pamoja, kama ubani uliochanganywa na nta. Sikusikia tena walichosema. Kijana wangu aliniuliza, "Mama, wewe ungechagua ipi?" Nilimwambia anirudishe nyumbani.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa nta na asali mjini Tabora. Nyumba yetu ilinuka nta kutoka barazani hadi uani. Mikate ya nta ilipangwa ukutani kama matofali, na msimu wa jua kali kuta zilitoa jasho la manjano. Wateja wa Baba walisema wangeweza kufumba macho wakafika kwetu. Alikuwa na gari dogo lenye ubavu wa mbao, alilolinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya Urambo aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Sidhani kama palikuwa na mtu mwingine katika mtaa wetu aliyekuwa na gari, nami nililipenda gari lile kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Mbele, mkabala na kiti cha abiria, palikuwa na kibati cheusi cha urefu wa kiganja cha mtu mzima, kilichofungwa kwa skrubu mbili. Nilimuuliza Baba ni cha nini. "Ni mahali pa redio," alisema. "Yule Mzungu hakuitia." Hapo nikaelewa kwamba gari letu lilizaliwa na kinywa, ila kinywa chenyewe kimefungwa. Kila nilipopanda nilikigusa kibati kile kwa siri, kama mtu anayempapasa bubu koo.

Kuhusu redio nilikuwa na elimu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeisikia mara chache katika duka moja sokoni, watu wakiwa wamesongamana hadi njiani. Nilidhani kwamba sauti hutoka pwani zikafuata njia ile ile iliyofuatwa na misafara ya zamani, zikavuka Ugogo, zikapita mbuga na misitu, na zikifika kwetu hukaa mahali fulani angani zikimngojea mwenyewe aje azichukue, kama barua zinavyokaa posta. Ukichelewa, unaikuta sauti yako. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Sauti niliyoitamani kuliko zote ilikuwa ya Baba Mdogo Amri. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mdogo wake Baba. Alikuwa na tabia ya kuimba akitembea, na jioni tulimsikia tangu alipokuwa kwenye kona ya msikiti. Mama alikuwa akitenga chakula kwa kuufuata wimbo. Baba alitaka amsaidie katika nta. Yeye alitaka gitaa. Walipogombana mara ya mwisho nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia Baba akisema, "Ukipanda treni hiyo, usikanyage tena kizingiti changu." Baba Mdogo akapanda treni. Masika mawili yakapita, na nyumba yetu, iliyokuwa na watu sita, ikawa na ukimya wa nyumba tupu. Usiulize mtoto anajuaje mambo hayo. Mimi nilijua kwa sababu Mama alianza kutenga chakula kwa kutazama jua.

Ndipo barua ikaja, kwa anwani ya Baba, lakini imeandikwa jina la Bibi. Bibi aliishi kijijini, maili kumi na nane kutoka mjini, ng'ambo ya Kipalapala, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, hakuweza kupanda kitu chochote kinachotikisika. Tulimwendea, na Baba akalazimika kusoma kwa kinywa chake mwenyewe maneno ya ndugu aliyemfukuza. Barua ilikuwa fupi. Jumapili ya mwisho ya mwezi ule, saa kumi jioni, kikundi chao kingepiga nyimbo katika redio ya Dar es Salaam, na kabla ya wimbo wa kwanza Amri alikuwa amepewa ruhusa ya kumwamkia mama yake.

Bibi alimtazama Baba kwa muda mrefu. "Nitamsikia yeye mwenyewe? Siyo wewe unayenisomea?"

"Yeye mwenyewe, Mama. Nitatia redio katika gari, nitaileta mpaka hapa mlangoni."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Basi Jumapili hiyo nitaoga mapema," Bibi akasema, kisha akanigeukia mimi, maana alizoea kunitania kwa ajili ya marehemu Babu. "Na wewe, mke mwenzangu, uvae vizuri. Mtoto wetu anapita na sauti yake."

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Mjini kulikuwa na njia mbili za kulitilia gari lile sauti. Ya kwanza ilikuwa kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Alikuwa amepigana vita Burma katika jeshi la Mwingereza, kitengo cha simu za upepo zisizo na waya, na tangu aliporudi alikuwa akitengeneza redio, saa na cherehani. Mji mzima ulimwita Fundi Viraka kwa sababu ya suruali yake ya kaki ya jeshi, ambayo ilikuwa imeshonwa mpaka huwezi kujua kitambaa chake cha asili ni kipi. Baba alimfahamu, kwani fundi alikuwa akija kwetu kuchukua nta ya kuzibia nyaya zake.

Tulipoingia alikuwa ameinama juu ya meza, moshi wa lehemu ukimzunguka.

"Shikamoo, Fundi," nilisema, nikitazama ukutani.

"Marahaba, binti wa nta. Baba yako amekuja kuchukua au kucheka?"

"Kutazama kwanza," Baba alisema, akamweleza habari ya barua, kijiji cha Bibi na saa kumi ya Jumapili ile.

Fundi alifunua gunia. Ndani palikuwa na sanduku lililoundwa kwa mbao za kasha la chai, herufi za kampuni bado zikionekana ubavuni. Mbele palikuwa na kitambaa cha kanga kilichofunika kipaza sauti, na kitufe cha kuzungushia kilikuwa kigurudumu cha uzi. Betri yake ilifungwa chini kwa mkanda wa ngozi.

Baba alilizunguka kama anayezunguka mbuzi mnadani. "Fundi, ndiyo hili likae kwenye gari langu? Watu watadhani nimebeba mzinga wa nyuki."

"Wakidhani hivyo, si watanunua asali?"

Baba alicheka, nami nikacheka kwa kuwa Baba alicheka. Fundi hakucheka. Alifuta mikono yake, akasema kwa upole wa mtu anayefundisha, "Bwana, nisikilize. Dar es Salaam wanatutumia sisi wa bara matangazo kwa masafa mafupi. Redio nyingi za magari zinazokuja huku zina masafa ya kati peke yake, kwa sababu kule zinakotengenezwa kituo kiko karibu. Kama utanunua ile ya kiwandani, sikukatazi. Muulize wakala jambo moja tu: ina masafa mafupi?"

"Nitamuuliza."

Njia ya pili ilikuwa kwa wakala wa magari, katika duka lenye vioo karibu na stesheni. Wakala alitandaza karatasi laini yenye picha ya redio. Ilikuwa nyeusi na fedha, na juu yake palikuwa na nembo ile ile iliyokuwa juu ya usukani wa gari letu. "Bwana," alisema, "gari hili na redio hii vimetoka mlango mmoja. Ukitia nyingine ni kama kumvisha mtoto wako kiatu cha jirani." Niliweka kidole juu ya nembo. Nilihisi kwamba kinywa cha gari letu kilikuwa kimeonekana, na kwamba kilikuwa kizuri.

Baba alikuwa na swali mdomoni. Nilimwona akilivutia pumzi. Lakini pale kaunta walikuwa wamesimama karani wa boma na mwalimu mmoja, nao walikuwa wakimtazama mfanyabiashara mwenye gari, na kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hajui. Akalimeza swali lake. "Iagize," alisema.

Nimefikiri sana juu ya pumzi ile. Wengi wetu tumeharibikiwa mahali hapo, pale ambapo swali lilikuwa tayari na haya ikalizuia. Wala haya yenyewe haikuwa mbele ya mtu mkubwa. Ilikuwa mbele ya watu wawili ambao kesho yake walikuwa wamekwisha kutusahau.

Redio ilifika kwa treni ikiwa imebaki siku nne. Ilikaa katika lile tundu kana kwamba gari lilikuwa limekonda na sasa limenenepa. Ilipowashwa, kioo chake kilipata mwanga wa rangi ya chai. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, na Baba alipozungusha kitufe tulisikia sauti ya mtu akizungumza Kiingereza, halafu muziki wa fidla, kutoka Nairobi au mbali zaidi. Mtaa mzima ulikuja. Baba alisimama kando ya mlango wa gari, mkono mmoja kiunoni, akijifanya hana habari na watu.

Fundi Viraka alikuwa akipita na baiskeli yake. Alisimama, akasikiliza kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Bwana, hiyo inasikia kwa sababu jua limetua. Usiku masafa ya kati hufika mbali. Saa kumi mchana hutapata kitu."

"Kwa hiyo redio ya Wazungu inaogopa jua?" Baba akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akadakia, "Fundi, mwenzio ana nembo, wewe una viraka!" Nilicheka kupita wote. Nilicheka nikimtazama fundi usoni ili ajue kwamba ni mimi ninayecheka.

Jumapili asubuhi alikuja nyumbani kwetu. Lile sanduku la mbao za chai lilikuwa nyuma ya baiskeli, limefungwa kwa mpira. "Sitaki kitu," alimwambia Baba. "Litieni nyuma ya gari. Ile yenu ikisikia, mtanirudishia hili bila kuligusa. Isiposikia, mwanamke yule asikose sauti ya mwanawe kwa ajili ya ubishi wetu sisi."

Baba aliona aibu kukataa. Fundi alimwonyesha namna ya kuutandaza waya wa kunasia sauti, akaondoka. Baba akaniambia, "Litie nyuma, ulifunike gunia," akaenda msikitini.

Nililibeba mpaka penye gari. Lilikuwa zito, na herufi za kasha la chai zilikuwa zimenigeukia. Nikawaza tutakavyopita mjini, na mabinti wa makarani wenye soksi nyeupe watakavyotazama ndani ya gari letu lenye redio ya nembo, wakaona mzinga. Nikarudi nalo barazani, nikalisukuma chini ya benchi, nikalifunika mkeka. Sikuona kwamba nimemdhulumu mtu. Nilijiambia kwamba redio nzuri ingesikia. Na kama isingesikia, tungerudi, tungelichukua sanduku siku nyingine, na sauti ya Baba Mdogo tungeikuta inangoja. Hiyo ndiyo elimu yangu niliyoitegemea, nami niliitegemea kwa sababu ilinifaa.

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Mama alibaki na mdogo wangu aliyekuwa na homa. Karibu na Kipalapala tuliwapita waseminari wakitembea wawili wawili katika vumbi, kanzu zao nyeupe zimekunjwa hadi magotini, nasi tukapiga honi kwa majivuno. Baada ya hapo ni miombo na mchanga, mchanga na miombo, na mahali fulani njia ya gari ikaingia ndani ya njia ya wapagazi, ambayo ilikuwa nyembamba na ya kina kama mfereji, kwa wingi wa nyayo zilizopita.

Bibi alikuwa ameketi nje juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa kanga mpya na kujipaka wanja, jambo nililokuwa sijaliona kwake tangu Babu afariki. Majirani zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa chini, na kuku walikuwa wamefungiwa jikoni wasije wakapiga kelele.

"Mke mwenzangu," alisema baada ya mimi kumwamkia, "huyo mwana atatokea wapi?"

Nilimwonyesha. Baba alikuwa amelisogeza gari mpaka mlango wake ukakaribia kitanda. Bibi alinyoosha mkono akaigusa ile nembo, halafu akajipangusa kidole, kana kwamba amegusa kitu cha wenyewe.

Zilipobaki dakika tano Baba aliwasha. Kioo kilipata mwanga wa chai. Ikatoka sauti kama ya mchele unaopepetwa katika ungo. Baba akazungusha kitufe kuelekea mwisho mmoja, mchele ukapepetwa; akazungusha kuelekea mwisho wa pili, mchele ukapepetwa.

"Hiyo ni mvua ya Dar es Salaam?" Bibi aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa likimtiririka Baba shingoni. Alitoka garini, akafungua mlango wa nyuma, akainua gunia, akainua gurudumu la akiba. "Sanduku la fundi liko wapi?"

Nilinyamaza.

"Hukulitia?"

Nilitazama chini, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo, maana kulimfanya afikiri kwamba nilisahau. Alirudi kwenye kitufe. Saa kumi ikafika, ikapita. Alizungusha taratibu, akazungusha kwa haraka, akaupiga mkono wake juu ya ile nembo. Mwishowe aliitazama saa yake, akazima, akasema neno moja: "Imepita."

Uso wake ndio ulionifundisha. Uso ule haukuwa wa mtu aliyechelewa posta. Nikajua, pale pale, kwamba sauti haingoji. Kwamba Baba Mdogo alikuwa amesema, na alichokisema kilikuwa kimekwisha kupita juu ya paa la Bibi kama ndege asiyetua, na hakipo popote tena.

Bibi alikuwa bado ameinamisha sikio. "Ameshaniamkia?" aliuliza.

Baba aliendelea kuitazama saa yake.

"Wewe, nakuuliza. Mwanangu ameshaniamkia?"

"Nadhani ameshakuamkia, Mama."

"Nami sikumwitikia." Aliuvuta mtandio akajifunika mdomo. "Ameniambia shikamoo mbele ya nchi nzima, nami nimenyamaza kama mama aliyenuna. Atasemaje huko? Atasema bado nina hasira naye."

Nimesikia vilio vingi tangu siku ile, vya misiba na vya kutengana. Kile cha Bibi hakikuwa na machozi. Aliendelea kusema polepole, "Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba," akiielekea redio iliyozimwa. Majirani walitazama chini. Mimi nilitamani ardhi ile ya mchanga inifunike mpaka kichwani.

Hatukuondoka. Baba hakuweza kuondoka, na jua lilikuwa limeanza kulala juu ya miti tulipoona mtu akija kwa miguu katika njia ya wapagazi, akisukuma baiskeli. Kaki yake ilikuwa imelowa. Nyuma ya baiskeli palikuwa na lile sanduku.

Baba alimkimbilia. "Fundi! Liwashe, liwashe!"

"Saa imepita, Bwana," alisema fundi. Alikuwa akihema. "Nyimbo zimekwisha kitambo. Niliona kwamba sitafika. Mchanga huu si wa baiskeli."

Jirani mmoja akaleta kigoda, mwingine akaleta maji katika kata. Fundi Viraka alitazama maji yale kama mtu anayeyatamani kuliko roho yake, kisha akatikisa kichwa. "Siwezi kuketi, mama zangu. Nina mzigo sijautua."

Yule wa kigoda akalishika sanduku amsaidie kulishusha.

"Siyo huo," alisema fundi.

Bibi alinyanyua kichwa. Aliondoa mtandio mdomoni, akaketi wima kadiri nyonga yake ilivyomruhusu, na wazee wote waliokuwapo wakaacha walichokuwa wakifanya. Mimi sikuelewa, maana nililelewa mjini. Lakini baba yake Bibi alikuwa mpagazi, na katika nyumba za watu wa namna hiyo salamu ilikuwa mzigo kama meno ya tembo. Aliyeibeba haketi, hanywi, wala hatoi habari zake mwenyewe mpaka aitue kwa mwenye nayo. Anaitua kwa maneno ya aliyeituma, akisema "mimi" pale mtumaji aliposema "mimi", na anayepokea humwitikia kana kwamba mtumaji mwenyewe amesimama mbele yake.

Fundi alikuwa ametazama saa yake akiwa ameshapita Kipalapala, akaona kwamba dakika zilizobaki hazimtoshi. Akasimama. Akatandaza waya wake juu ya matawi, akalifungua sanduku porini peke yake, na saa kumi akasikiliza kwa niaba ya mtu mwingine. Sasa alisimama mbele ya kitanda, mikono pembeni kama askari, akafumba macho.

"Mama, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitikia, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke kijana.

"Mimi ni Amri, mwanao wa mwisho. Ninakula, ninalala, siumwi. Kanzu uliyonishonea bado ninaivaa, ijapokuwa mikono imekuwa mifupi. Watu wa hapa husema ninaimba kwa sauti kubwa mno, nami sijawaambia kwamba nilizoea kuimba ili wewe unisikie nikiwa mbali. Nikirudi nitateremka stesheni nije kwa miguu, unisikie tangu njiani." Alinyamaza kidogo, akakusanya yaliyobaki. "Na wewe kaka yangu, ukiwa upo hapo, shikamoo. Uliniambia nisikanyage kizingiti chako, nami sijakikanyaga. Lakini mtu anaweza kuamkia akiwa nje."

Fundi hakufumbua macho. Alikuwa akingoja, kwa sababu mzigo ulikuwa bado nusu mabegani mwake.

"Umeamkiwa," Bibi alimwambia Baba bila kumtazama. "Hukufundishwa?"

Baba alimtazama mtu yule aliyelowa jasho, ambaye siku nne nyuma alimfanya kichekesho cha mtaa. Ilimbidi amwitikie ndugu yake katika uso wa Fundi Viraka. Hapakuwa na uso mwingine.

"Marahaba, Amri," alisema. Kisha akasema tena, kwa nguvu zaidi, kama anayetaka ifike mbali, "Marahaba. Rudi nyumbani."

Jibu hilo lilipelekwa kwa barua wiki ile ile. Baba Mdogo aliandika mara mbili, halafu kikundi chao kikavuka mpaka, halafu barua zikawa haba, halafu hazikuja. Hakuteremka stesheni. Sauti yake sikuisikia tena maishani, na ninapojaribu kuikumbuka, linalonijia ni kuhema kwa mtu mwingine na maneno "ili wewe unisikie nikiwa mbali." Bibi alikufa akiyajua maneno yote ya salamu ile, na aliyarudia kwa utaratibu ule ule, hata mahali pa kunyamaza.

Fundi alipokwisha kunywa maji, Baba aliuliza sanduku lilisahauliwa wapi. Fundi alinitazama. Alikuwa amepita kwetu baada ya sisi kuondoka, akalikuta chini ya benchi, limefunikwa mkeka kwa uangalifu, na mtu aliyesahau hafuniki.

"Kosa langu," alisema. "Nililiweka mahali pabaya."

Sijapata kuusifu uongo, na wanangu watashuhudia kwamba niliwaadhibu kwa uongo mdogo kuliko huo. Ule peke yake nimeshindwa kuulaumu. Lakini sikuweza kuuacha ukae mabegani mwa mtu aliyekwisha kubeba vya kutosha. Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nililificha. Niliona haya."

Hakuna aliyenipiga. Bibi alinivuta akanikalisha kitandani kando yake, akanishika mkono kwa nguvu ya kuniumiza, na hakuuachia. Kisha akamgeukia mgeni.

"Mwanangu ameshaondoka hapo uliposimama," alisema. "Sasa niambie wewe uliyembeba. Unaitwa nani?"

Nilitambua kwamba sijui. Nilimtazama Baba, naye pia hakujua. Mtu yule aliyekuwa akija kwetu kuchukua nta tangu nipate akili aliweka kata chini, akaifuta midomo yake, akasema jina lake taratibu, kama mtu ambaye hajaulizwa kwa miaka mingi.

"Yakobo Maganga."